Ngozi Getini mwa Shule

Mwalimu Winfrida alikuwa amechoka kabla mabati hayajaibwa. Jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu watu wa kijiji kile wakisimulia habari zake leo humfanya aonekane kama mtu aliyekuwa akitafuta ugomvi. Hakuutafuta. Mwanamke aliyeshika chaki kwa karibu miaka thelathini, akamzika mume, akasomesha watoto, na sasa anamtunza mama mkwe aliyezeeka, hana nguvu za kutafuta ugomvi. Alichokuwa akitafuta ni kustaafu salama.

Alizaliwa upande wa Serengeti, karibu na Manchira, kwa wazazi wa kabila la Wanata. Akasomea ualimu, akapangiwa shule wilayani Tarime, na huko akaolewa na Magige, Mkurya, fundi seremala mwenye maneno machache na mikono mizuri. Magige alipofariki alizikwa nyuma ya nyumba, na baada ya matanga kaka zake Winfrida walifika kutoka Mugumu wakamwambia afungashe, warudi naye nyumbani. Akawajibu kwamba watoto ni wa ukoo huu, na mama mkwe, Bibi Boke, hana mwingine wa kumchotea maji. Basi akabaki. Ukoo ulimwita "mke wetu", na yeye akalizoea jina hilo kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana kidogo.

Jina la shule tuliache, watoto bado wanasoma pale. Ni shule ya msingi ya serikali, iko juu ya kilima upande wa Nyamongo. Ukisimama uwanjani unaona chini maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na unasikia mashine zao zikisaga mawe tangu asubuhi. Kwa hiyo darasani wamechanganyika watoto wa Kikurya, ambao babu zao wamezikwa palepale, na watoto wa watu waliokuja juzi kutoka Shinyanga, Geita na Kigoma wakifuata dhahabu. Winfrida aliwafundisha wote Uraia na Maadili. Lilikuwa somo ambalo walimu wengine walilikwepa. "Hisabati ukikosea unafuta," walisema. "Maadili ukikosea unaitwa kwenye kikao."

Mabati yenyewe yalikuwa ya kuezeka chumba cha darasa la nne. Hayakutoka serikalini. Wazazi walichanga, mwenye mahindi akatoa mahindi, mwenye mbuzi akatoa mbuzi, na lori lilipofika wanawake walipiga vigelegele. Wanafunzi wa darasa la saba wakayabeba mpaka stoo. Wiki ile haikuisha. Asubuhi moja mlango wa stoo ukakutwa umevunjwa, na ndani hakuna hata bati moja. Mlinzi alikuwa msibani. Polisi walikuja, wakaandika, wakanywa soda, wakaondoka.

Hapo kijiji kikaitisha ritongo, mkutano wa hadhara ambao Wakurya wameutumia tangu zamani kumtafuta mwizi. Na katika ritongo wazee wa inchama wakatoa neno. Inchama ni baraza la wazee wa mila. Mambo yao hayasemwi ovyo, na wakisema hayapingwi ovyo. Walisema aliyeiba ni mtu anayeijua stoo. Kwa hiyo Ijumaa ng'ombe dume atachinjwa, ngozi yake itatandazwa getini mwa shule, na kila anayeijua stoo ataivuka akitaja jina lake na la baba yake: walimu, mlinzi, katekista anayefundisha dini, na darasa la saba. Mwenye hatia akivuka, mwili wake utamjibu kabla ya mavuno. Asiyevuka amejitaja.

Mwalimu Mkuu, Erasto, alimwita Winfrida ofisini. Erasto alikuwa kijana kwake, mtu mwema, mwenye woga wa kudumu.

"Madam, nisikilize kwanza kabla hujakunja uso."

"Sijakunja. Ndivyo uso wangu ulivyo siku hizi."

"Wazee wamepanga Ijumaa. Nimeona wewe ndiye uwaandae watoto. Wewe ndiye maadili."

"Hii ni shule ya serikali, Mwalimu Mkuu."

"Najua. Lakini serikali iko Dodoma, Madam. Mimi niko hapa, na mlango wangu unafungwa kwa waya." Erasto alishusha sauti. "Tena hii si dini, ni mila. Hata mtaala unasema tudumishe mila nzuri."

"Nzuri," alisema Winfrida.

"Sasa mbona unarudia neno moja?"

Winfrida alitazama nje. Alikuwa na madaftari ya darasa zima ya kusahihisha, na mgongo ulikuwa unamuuma tangu Jumatatu. Akasema, "Sawa." Neno hilo limebomoa shule nyingi kuliko upepo. Halisemwi na watu wabaya. Husemwa na watu waliochoka, ambao wanajua kabisa kilicho sahihi ila wanakiahirisha hadi watakapopumzika.

Siku iliyofuata aliwaeleza darasa la saba. Alisema kwa kifupi, kama mtu anayetangaza chanjo. "Ni hatua moja tu. Unavuka, unataja jina, unaingia darasani."

Mkono ukanyooka. Alikuwa Nora, mtoto wa Mboje, Msukuma mmoja aliyekuwa akisaga mawe kule maduarani. Msichana mrefu, mtulivu, mwenye tabia ya kuuliza swali akiwa tayari amelifikiria jibu.

"Mwalimu, na asiyetaka?"

"Asitake kwa nini, kwani umeiba?" akasema mvulana mmoja nyuma, na darasa likacheka.

"Sijaiba, ndiyo maana sitaki," alisema Nora bila kugeuka. "Mwalimu, ulitufundisha kwamba mtu asilazimishwe kuabudu asichokiamini. Ukasema iko kwenye Katiba. Ukatupa na zoezi. Nilipata zote."

"Hii si kuabudu, Nora."

"Wale wazee wakiwa pale kwenye ngozi, wanaongea na nani?"

Watoto wa Kikurya walijua wazee wanaongea na nani, na hakuna aliyethubutu kusema. Winfrida pia alijua.

"Kaa chini, Nora," alisema.

Mtoto akakaa. Winfrida akageukia ubao, akaanza kufuta maandishi ambayo watoto walikuwa hawajamaliza kunakili.

Jioni ile Mboje alifika nyumbani kwake, amejaa vumbi la mawe hadi kwenye kope. Hakutaka kuketi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Nimembembeleza, nimemtisha, anasema mwalimu alisema. Mimi nimemwambia mwalimu alisema kitabuni, wazee wanasema getini."

"Nyinyi mnasali wapi, Mboje?"

"Sisi? Mimi na Mungu tunaheshimiana, kila mtu kwake." Akafuta uso kwa mkono. "Mwalimu, sisi tumekuja jana hapa. Mwenyeji akikataa kuvuka, ndugu zake watakaa wamsemee. Akikataa mwanangu, hiyo jioni nyumba yangu inawaka, na huo ndio utakuwa ushahidi. Mwambie avuke. Wewe atakusikia. Ukimwambia kwamba lile somo lilikuwa la mtihani tu, atavuka."

Akaondoka. Bibi Boke alikuwa ameketi kando ya jiko akichambua mboga, na masikio yake hayakuzeeka hata kidogo.

"Huyo mtu amesema vizuri," alisema. "Si umwambie mtoto avuke?"

"Mama, nitamwambia nini? Kwamba nilidanganya?"

"Kwani walimu hawadanganyi? Mlimwambia mwanangu Magige kwamba akisoma atapata kazi mjini. Akapata randa na msumeno." Bibi akatupa shina la mboga. "Mimi nimevuka ngozi nyingi. Sikuwahi kuuliza inaongea na nani. Unajua asiyevuka anafanywa nini? Hasalimiwi. Haombwi moto wala hapewi. Akifiwa, anachimba kaburi mwenyewe. Na anayekula chungu kimoja naye anahesabiwa naye. Kwa hiyo kabla hujaamua mambo yako ya Katiba, fikiria nitakula wapi."

Winfrida aliwaza njia ya katikati. Watu waliochoka hupenda njia ya katikati. Siku ya pili, baada ya masomo, alikwenda kwa Mzee Mseti, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule na pia mmoja wa wazee waliotoa lile neno. Alimkuta zizini akimtoa kupe ndama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mke wetu. Shika huyu masikio."

Winfrida akashika masikio ya ndama na kusema shida yake. Aliomba mtoto mmoja tu asamehewe. Si wa ukoo huu, kiapo hiki si chake, wavuke wengine.

Mzee Mseti hakukasirika. Alikuwa mtu wa kufikiri, na pengine ndiyo sababu alikuwa mgumu kumjibu.

"Mwalimu, nikimwachia mmoja kwa sababu haamini, kesho mwizi naye haamini. Mimi simtaki mtoto wa watu. Namtaka mwizi. Beberu wangu yumo kwenye yale mabati."

"Lakini shule ni ya serikali, mzee. Haina mila ya mtu wala dini ya mtu."

"Haina?" Mzee aliacha kupe, akamtazama. "Katekista Faustino huja pale kila Ijumaa. Anakalia kiti cha shule, anaandika kwa chaki ya shule. Mchungaji wa Wasabato naye mmempa chumba. Nani alikuja kutuuliza sisi? Na watoto wasio na kanisa, saa hiyo mnawapeleka wapi?"

Winfrida akayatazama masikio ya ndama.

"Sema, mwalimu. Mimi ni mwenyekiti, nina haki ya kujua."

"Wanafagia."

"Wanafagia wapi?"

"Vyooni."

"Nani aliyepanga hivyo?"

"Mimi, mzee. Ili wasirande ovyo."

"Na huyo binti wa Msukuma?"

"Yumo."

"Basi. Kanisani kwako asiyeingia anafagia choo. Kwangu asiyeingia anaitwa mwizi. Tofauti yetu ni ufagio."

Ndama alijaribu kujitoa, na Winfrida akamshika kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Alitaka kusema kwamba tofauti ipo, na kweli ipo. Mtoto aliyefagia choo jioni anarudi kwao na kukuta nyumba imesimama. Alisema hivyo. Mzee akakubali kwa kichwa, kama mtu anayekubali bei ya chini.

"Ndiyo maana nasema avuke. Kuna mtu anamshika mguu?"

Njiani akakutana na Katekista Faustino anasukuma baiskeli. Winfrida alikuwa muumini wake wa miaka mingi, kiti cha mbele, mikono ya kuchapa matangazo. Akamuuliza atafanya nini Ijumaa.

"Navuka, Mwalimu. Mdomoni nataja jina, moyoni nasema Baba Yetu."

"Sasa hapo unamdanganya nani, Mungu au wazee?"

"Wote kidogo," alisema Faustino, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nina waumini, Mwalimu. Wote ni wa ukoo huu. Nikibaki nje ya geti, Jumapili nitaihubiria misumari ya ukutani."

Tusimhukumu haraka Faustino. Lakini tusimsifu pia. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto habari za vijana waliokataa kuisujudia sanamu, akitumia picha za rangi.

Ijumaa ilifika na jua kali. Kijiji chote kilikuwa getini, kuanzia kina mama wenye watoto mgongoni hadi vijana wa bodaboda waliokaa juu ya pikipiki zao. Ngozi ilikuwa imetandazwa mlangoni, upande wa nyama juu, mbichi, inzi wameshaijua. Wazee walisimama pande zote mbili na fimbo zao. Hakuna aliyepiga kelele. Hata mashine za maduarani siku ile zilisikika kama ziko mbali.

Erasto alivuka wa kwanza, akataja jina lake kwa sauti ya mtu anayejibu daktari. Walimu wakafuata, akafuata mlinzi, jasho likimtiririka. Faustino alivuka midomo ikimchezacheza. Kisha ikawa zamu ya darasa la saba. Winfrida alikuwa ameamriwa avuke mwisho, baada ya watoto wake. Wakavuka mmoja mmoja, wengine wakiruka kwa kicheko cha woga, hadi akafika Nora.

Nora akasimama. Ncha za viatu vyake ziliigusa ngozi ukingoni.

"Binti, vuka," alisema Mzee Mseti kwa upole.

"Hapana, mzee. Shikamoo, lakini hapana."

Watu wakaguna. Kisha sauti zikaanza kutoka nyuma, ambako sauti za namna hiyo hutoka siku zote.

"Mwizi huyo!"

"Mtoto wa maduarani, mlitegemea nini?"

"Mkataa wengi ni mchawi!"

Kijana mmoja akawasha pikipiki, akaigeuza kuelekea maduarani. Mboje alikuwa pembeni, mikono kichwani.

Nora akamgeukia Winfrida. Hakuwa akiomba msaada. Alimtazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu anayesahihisha daftari lake, akisubiri tiki au alama ya kosa. Na Winfrida akajua kwamba yanatakiwa maneno mawili tu: vuka, Nora. Mtoto angevuka. Nyumba ya Mboje ingebaki. Bibi Boke angekula. Yeye angestaafu salama. Alifungua kinywa kabisa ayaseme. Lakini aliiona Jumatatu. Alijiona amesimama mbele ya watoto wale, anaandika ubaoni kichwa cha somo, na macho yote yanajua kwamba kinachofundishwa pale ni cha kujibia mtihani. Mwalimu anaweza kufundisha kwa njaa, anaweza kufundisha kwa mgongo unaouma. Hawezi kufundisha akiwa anajulikana kwamba hamaanishi.

Akatembea mpaka ukingoni mwa ngozi, akasimama kando ya Nora, upande wa nje.

"Mimi pia sivuki."

Mzee Mseti alimkazia macho.

"Mke wetu, unajua unachosema?"

"Najua, mzee. Nimechoka tu, akili ninazo."

"Kwa nini huvuki?"

"Kwa sababu huyu nilimfundisha mimi. Kama ni kosa, ni langu kwanza."

"Kumbe mwizi ni mwalimu!" akapaza mtu sauti.

"Mwalimu gani?" akajibu mama mmoja jirani yake, kwa hasira ya kweli. "Hayo mabati kaezekea wapi? Nyumba yake inavuja kuliko zizi!"

Watu wachache wakacheka bila kupenda. Kicheko kile hakikumaliza jambo, lakini kililivuruga. Ingekuwa mtoto wa mgeni peke yake, njia ilikuwa nyoofu. Sasa kulikuwa na mjane wa Magige, mke wa ukoo, mama wa vijana wa ukoo, aliyewafundisha kusoma nusu ya waliosimama pale. Yule kijana wa pikipiki akamtazama mwenzake, akazima injini. Erasto, kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho katika kazi yake, akafanya jambo la haraka: akagonga kengele.

Winfrida na Nora hawakupita getini. Wakazunguka uzio wa minyaa hadi nyuma, wakapenya panapopenya mbuzi, wakaingia darasani. Kipindi cha kwanza kilikuwa Hisabati.

Nyumba ya Mboje haikuchomwa. Hilo lazima liandikwe, kwa kuwa ndilo Winfrida alilolipata. Mengine yote aliyapoteza. Wazee walikaa wakasema asiyevuka ni asiyevuka, awe mtoto awe mwalimu, na wote wawili wakatengwa. Dukani Winfrida aliambiwa unga umekwisha, na nyuma ya muuzaji magunia yamepangwa hadi dari. Bodaboda walimpita na vumbi. Alisalimu, na salamu zake zikaanguka chini kama embe bichi. Afisa Elimu Kata alikuja, akajifungia ofisini na Erasto, kisha wakamwita Winfrida. "Kisheria uko sahihi, Madam," alisema, "ila ungetumia busara." Winfrida akamuuliza ni busara ipi. Akasema ile ya kawaida.

Shuleni alifanya jambo moja. Alitangaza kwamba saa ya dini hakuna mtoto atakayefagia tena. Asiye na kanisa, au asiyejisikia kwenda, akae darasani asome anachotaka. Wiki ile darasa la Faustino lilipungua karibu nusu, kwa sababu watoto ni watoto. Faustino alimfuata ana kwa ana.

"Mwalimu, umewafungulia watoto mlango wa kutokea."

"Ulikuwa umefungwa, Faustino?"

Jumapili, kwenye benchi lake la mbele, hakuna aliyekaa karibu naye. Kwa hiyo alitengwa na wenye mila kwa kuwa Mkristo, na Wakristo nao wakamtenga kwa kuwa... hata wao hawakujua wamalizie vipi. Mtu anayetaka kila mtu awe na nafasi hujikuta hana pa kukaa. Hii si hekima ya kujivunia. Ndivyo mambo yalivyo.

Bibi Boke alihamishia mafiga yake upande wa pili wa nyumba, akawa anapika peke yake. Hakugomba. Alisema tu, "Mimi nina miaka michache, sitaki kuimalizia katika kesi." Winfrida aliendelea kumchotea maji. Bibi aliyapokea, kwa maana maji, alisema, si chungu.

Mwezi wa kupalilia ulipofika, kundi la wanawake wa risaga, ambao hulimiana kwa zamu, shamba la huyu leo na la yule kesho, hawakufika kwake. Yeye alikuwa amelima kwao wote. Akawa anatoka shuleni, anavua viatu, anashika jembe dogo na kuingia kwenye ulezi wake peke yake. Kupalilia ulezi ni kazi ya macho. Magugu yake yanafanana nao mno ukiwa mchanga, na mwenye haraka hung'oa vyote.

Ndipo jioni moja Mzee Mseti alipokuja, amejifunga shuka, peke yake. Alisimama shambani akasalimiwa, na akaitikia. Winfrida alitambua kwamba alikuwa mtu mzima wa kwanza kuitikia salamu yake kwa siku nyingi, na jambo hilo likamuuma kuliko alivyotegemea.

"Nimekuja mimi kama mimi," alisema mzee. "Ngozi bado ninayo. Imekauka, iko darini kwangu. Njoo kesho jioni. Hakutakuwa na watu. Hatua moja. Nitasema mke wetu amevuka, na watasalimia, na wanawake watakuja wapalilie hili shamba. Mwanangu, nimechoka na jambo hili. Nawe umechoka, nakuona."

Alisema kweli. Winfrida aliegemea mpini wa jembe. Hatua moja, jioni, bila watu. Hata Mungu, alifikiri, angeangalia pembeni.

"Na Nora?"

"Mtoto wa watu anamaliza shule mwaka huu. Ataondoka."

"Ataondoka akiwa mwizi."

Mzee akajifunga shuka lake upya.

"Mabati yamepatikana, mzee?"

"Hayajapatikana."

"Sasa Nora amekuwaje mwizi?"

"Mwalimu," alisema Mzee Mseti, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, ilikuwa imezeeka tu, "watu walitoa mahindi yao. Lazima awe mtu."

Winfrida alimtazama. Alimheshimu na alimwonea huruma, na aliona kwamba mzee naye hakuwa na pa kurudi, kwa sababu akiikunja ngozi hiyo leo, kesho atatumia nini? Lakini huruma ni kitu kimoja na kuvuka ni kingine.

"Ahsante kwa kuitikia salamu yangu, mzee," alisema. "Kesho jioni nitakuwa hapahapa. Sasa naomba usogee kidogo, umekanyaga ulezi."

Mzee Mseti akatazama miguu yake, akasogea. Akasimama tena kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akashika njia ya kwake polepole. Winfrida akainama. Mstari aliokuwa akiupalilia ulikuwa haujafika hata katikati.